Mnyororo ulioipindua Bourbon Dolphin

Aprili 12, 2007, watu wanane walikufa baharini magharibi ya visiwa vya Shetland, Uingereza, baada ya meli ya Norway, Bourbon Dolphin, kupinduka ikiwa katika kazi ya kutega nanga ya jukwaa la mafuta. Miili mitano haikuonekana tena. Meli hiyo ilikabidhiwa kwa wenyewe Oktoba 2006. Bado ilikuwa mpya kabisa.

Kazi ya kutega nanga za majukwaa ya mafuta ilianzia kwenye maji ya kina kifupi ya Ghuba ya Mexico, ikahamia Bahari ya Kaskazini, kisha visima vikazidi kusogea kilindini. Jukwaa linaloelea hushikiliwa na nanga kadhaa, mara nyingi nane. Meli huipokea nanga, huvuta mnyororo hadi mahali palipopangwa, ndipo huishusha. Palipo na kina cha mita 1,100, kama siku ile, mnyororo wenyewe ni mzigo wa kutisha.

Jukwaa la Transocean Rather lilikuwa likitegwa katika eneo la Rosebank. Upepo na mkondo viliisukuma Bourbon Dolphin kuelekea mnyororo wa nanga ya jirani. Meli nyingine, Highland Valour, ilijaribu kuunasa mnyororo ili kuipunguzia mzigo, ikashindwa. Kisha kigingi kimoja cha chuma nyuma ya sitaha kikashushwa. Mnyororo ukahama ghafla hadi kigingi cha nje cha kushoto, meli ikalala upande huo. Ikainuka kidogo, ikalala tena, ikapinduka. Mabaharia walibonyeza kitufe cha dharura, lakini winchi ililegeza mnyororo polepole mno. Nahodha alikufa pamoja na mwanawe, kijana aliyekuwa melini kujifunza kazi.

Ripoti ya tume ya Norway, iliyotoka Machi 2008, haikumbebesha lawama mtu mmoja. Mpango wa kuhamisha jukwaa ulikuwa na mapungufu, na uthabiti wa meli haukutathminiwa ipasavyo kwa kazi kama hiyo. Kinachoniuma zaidi ni hiki: nahodha, ambaye hakuwahi kuiendesha meli hiyo, alipewa takriban saa moja na nusu tu ya makabidhiano. Hata dereva wa basi la mkoani hastahili kukabidhiwa gari kwa haraka namna hiyo.

Kanuni za kimataifa za uthabiti wa meli zinazotega nanga zilianza kutumika Januari 1, 2020, karibu miaka 13 baada ya ajali hiyo.

Kwetu Tanzania, visima vya gesi vya kina kirefu vilichimbwa na vyombo vinavyojishikilia kwa injini, bila nanga. Lakini vijana wetu wanaosomea ubaharia watafanya kazi popote duniani. Chuo cha Bahari Dar es Salaam na kile cha Bandari Mombasa viwasomeshe ripoti hiyo ukurasa kwa ukurasa, na mwajiri anayemharakisha nahodha kupokea meli akataliwe.