Mbuga: Historia ya Neno Moja katika Nyanda za Juu Kusini

Msafiri atokaye Njombe kwenda Makambako hupita juu ya vilima vya nyasi, mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Katika mabonde yenye unyevu baina ya vilima hivyo Wabena hulima vinyungu wakati wa kiangazi, lakini mahali hapo hapaitwi mbuga. Mbuga huanza baada ya Makambako, pale barabara ya Mbeya inapoteremka kuelekea Igawa na uwanda wa Usangu unapofunguka. Hata hivyo, mkazi yuleyule akiulizwa mbuga iliyo karibu naye, yamkini atataja Kitulo, huko Makete, kwenye mwinuko upitao mita 2,600. Imekuwaje neno la nchi ya chini likapanda mlima?

Kimaumbo, mbuga ni nomino ya ngeli ya N-: mbuga hii, mbuga hizi. Sauti yake ya mwanzo si ile ya mti wala ya mto. Kimaana, ni nchi tambarare iliyo wazi, yenye nyasi na miti michache. Usukumani maana ni finyu zaidi, na yafaa kuizingatia: mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ushikao maji masika na kupasuka kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo. Mnyororo huo aliupa jina la Kilatini, katena. Pete yake ya chini mara nyingi ilikuwa mbuga, na neno hilo likaingia katika sayansi ya udongo ya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Maana ya pili ililetwa na wanyama. Neno la Kiingereza park, lenye asili ya Kifaransa cha kale, liliitaja ardhi iliyozungushiwa ua ili mfalme au kabaila awinde humo. Baadaye likawa bustani ya mjini, na tangu Yellowstone mwaka 1872, eneo la taifa linalolindwa. (Jeshini lilikuwa mahali pa kupanga mizinga na magari, ndiko kilikotoka kitenzi kupaki, kisichokosekana penye malori ya Makambako.) Usemi wa Kiswahili uliokuja kusimama mahali pa neno hilo ni mbuga ya wanyama. Ajabu ni kwamba moja lilizaliwa na ua, na lingine kwa kukosa ua.

Lugha ya serikali ilichagua hifadhi, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kulinda, ambalo halisemi lolote kuhusu sura ya nchi. Kinywani mwa watu mbuga ilibaki. Kwa hiyo Kitulo, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, huitwa mbuga ingawa si nchi ya chini wala haisifiki kwa wanyama wakubwa.

Kitulo mkanganyiko huo hauumizi mtu. Usangu ni mbuga kwa maana zote mbili, na hapo ndipo zilipogongana. Kwa mfugaji, mbuga ni malisho. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengine wakaelekezwa Lindi, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hoja ya serikali ilikuwa maji ya Mto Ruaha Mkuu, nayo si hoja ndogo. Lakini aliyeamriwa kutoa ng'ombe mbugani aliambiwa, kwa neno lake mwenyewe, kwamba malishoni hapalishwi. Nje ya mpaka, huko Mbarali, udongo uleule mweusi umekatwa majaruba na kuoteshwa mpunga.