Henri Langlois, mtu aliyeokota filimu za zamani

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya ngoma, mahari, majina na viti vya machifu. Safari hii tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya kijiji. Tunataka kumkumbuka mtu wa Paris ambaye alifanya na filimu kazi ile ile wazee wetu wanafanya na maneno: kuzichunga zisipotee. Jina lake Henri Langlois. Hakuwa peke yake katika kazi hiyo, lakini wengi waliokusanya filimu nyuma yake walijifunza kwake, kwa mazuri yake na kwa mabaya yake pia.

Alizaliwa tarehe 13/11/1914 kule Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, katika inchi ya Uturuki. Mwaka 1922 moto uliharibu mji ule, na jamaa yake wakahamia Ufaransa. Baba alitaka mtoto asome sheria. Mtoto alipenda sinema, na mtihani wa mwisho wa sekondari akaanguka.

Lazima tuelewe filimu zilikuwa kitu gani wakati ule. Tangu mwaka 1927 filimu zenye sauti zilianza kuingia, na zile za kimya zikahesabiwa kama nguo iliyochakaa. Makampuni yaliziyeyusha ili kupata feza iliyo ndani yake. Na filimu zenyewe zilikuwa za nitrati, kitu kinachoshika moto upesi sana, tena kinaoza chenyewe. Hata mwenye kuzitengeneza alichoka nazo: Georges Méliès, yule fundi wa michezo ya ajabu, alichoma zake kwa mikono yake katika miaka ya 1920. Uchunguzi wa Library of Congress uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha hasara: kati ya filimu ndefu za kimya karibu 11,000 za Marekani, zile ambazo bado ziko nzima katika hali yake ya kwanza ni 14 tu kwa 100.

Langlois hakuwa na makuta mingi. Alitafuta bobini kwenye masoko ya vitu vikuukuu na kwa watu waliokuwa wanazungusha sinema katika maonyesho ya vijiji. Nafasi ilipokosekana nyumbani, inasemekana mikebe ililala hata ndani ya beseni la kuogea la wazazi wake. Mwaka 1935 yeye na rafiki yake Georges Franju walianzisha kikundi cha kuonyesha filimu za zamani. Mwaka 1936 Paul-Auguste Harlé, mwenye gazeti la sinema, akawapa franka 10,000, na hivyo Cinémathèque française ikazaliwa, pamoja na Jean Mitry.

Kisha vita ikaingia. Wajerumani walipokamata Paris mwaka 1940, filimu nyingi zilikuwa katika hatari ya kuchukuliwa ao kuharibiwa. Langlois alizitawanya kwa marafiki na katika nyumba za mashambani. Lotte Eisner, mwandishi Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani mwaka 1933, alijificha kusini mwa Ufaransa, na huko huko akakagua mikebe iliyofichwa ndani ya ngome moja. Mtu anatafutwa auawe, naye anahesabu bobini! Sisi tunaona kazi kama hiyo haifanywi kwa ajili ya mchezo tu.

Nyuma ya vita Langlois alifungua chumba kidogo kwenye avenue de Messine. Vijana walikuwa wanakaa hata chini: François Truffaut, Jean-Luc Godard, Jacques Rivette. Njo pale walisomea, na baadaye wakageuza sinema ya Ufaransa. Kwa Langlois, filimu isiyoonyeshwa ilikuwa kama imekufa. Ernest Lindgren, mwenzake wa London, alikataa: nakala ikiwa ni moja tu, kila kuipitisha katika mashine ni kuikwaruza. Tuseme wazi, hapa Lindgren alikuwa na haki. Langlois hakupenda kuandika orodha, mambo mengi aliyachunga kichwani, na tarehe 10/7/1959 moto ulikula sehemu ya mali yake. Lakini juu ya jambo lingine tunamuunga mkono: alikataa kuchagua. Alisema tuchunge yote, sababu hakuna anayejua watoto watatafuta nini.

Mwezi wa pili 1968 serkali, chini ya waziri André Malraux, ilimtoa kazini kwa sababu ya ule mvurugo. Watengenezaji wa filimu wakaingia barabarani, polisi wakawapiga. Wengine, kama Charlie Chaplin, wakakataza filimu zao zisionyeshwe pale. Mwezi wa ine akarudishwa. Mwaka 1974 Marekani ilimpa Oscar ya heshima, na tarehe 13/1/1977 akafariki.

Sasa, haya yanatuhusu namna gani? Mwaka 1938 Wabelgiji nao walifungua nyumba ya filimu kule Brussels, katika mwendo ule ule wa Paris. Ni ndani ya nyumba hiyo, na katika makumbusho ya Tervuren, tunakuta sehemu kubwa ya picha za wazazi wetu. Filimu ya André Cauvin, Bwana Kitoko, juu ya safari ya mfalme Baudouin mwaka 1955, ni ya jamii hiyo. Vichekesho vya Matamata na Pilipili, ambavyo padri Albert Van Haelst alivipiga kule Kasai katika miaka ya 1950, viliwachekesha wazee wetu mbele ya nguo nyeupe. Leo mjukuu akitaka kumuona babu yake akitembea, mara nyingi anaomba ruhusa Ulaya.

Lakini si yote yalivuka bahari. Katika misioni, shule na makampuni, bado mikebe ya milimita 16 inaweza kukutwa chini ya mabati yenye joto. Filimu ikianza kunuka kama siki, inaoza, tena inaambukiza jirani zake. Itengwe na zingine, iwekwe mahali pakavu na pa baridi, isichomwe wala kupewa watoto wachezee. Na mwenye kuikuta aandike kwenye karatasi imetoka wapi na nani anaonekana ndani, wakati wazee wanaoweza kutaja majina wangali hai.