Wewe ni wa wapi? Wageni na wenyeji wa Kwashemshi

Leo naacha stori za bumu na foleni ya kantini, nawaletea historia kidogo. Ni ya kwetu Kwashemshi, Korogwe, ila naamini hata wewe wa Mbagala inakuhusu.

Ukikaa kijiweni kwetu nusu saa tu utasikia mambo matatu: siasa zimeharibika, wageni wamejaa, na maisha yako mjini. Mimi kama mtu wa Kwashemshi nina maoni yangu, nayo ni haya: yote matatu ni jambo moja, na mzizi wake ni mkonge.

Tuanze na jina. Huku Korogwe na Handeni vijiji vingi vinaanza na "Kwa": Kwamndolwa, Kwamsisi, Kwaluguru. Maana yake kwa fulani. Na majina ya "She" mnayajua, kila darasa lina Shekilindi wake au Shemdoe wake. Kwa hiyo jina lenyewe linakwambia hapa palikuwa na mwenye mji kabla hajaja mzungu wala shamba la mkonge.

Halafu akaja mgeni wa kwanza, ambaye ni mkonge wenyewe! Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miche 62 jamani, ndiyo iliyogeuza mkoa mzima. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa yakaifuata reli.

Tatizo likawa watu. Mzigua na Msambaa walikuwa na mashamba yao ya mahindi, hawakuona sababu ya kuchomwa na miiba mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Ndipo wakoloni, Mjerumani na baadaye Mwingereza, wakawafuata watu wa mbali: Waha wa Kigoma, Wabena, Wangoni, Wanyamwezi, Wamakonde wa Msumbiji, Warundi, hadi Wabemba wa nchi inayoitwa leo Zambia. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuleta vibarua, SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Alipewa pia kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyoumwa haihesabiwi, na mshahara unausubiri mpaka kipande kijae.

Wengi walikuja kwa mkataba wakarudi kwao. Wengine hawakurudi. Wakaoa, wakazaa, wakazikana kwenye mashamba hayohayo. Mkoa wa Tanga leo umejaa wajukuu wao, wanaongea Kiswahili cha Tanga kuliko hata sisi.

Sasa njoo kwenye siasa. Kijiweni tunapenda kusema wageni hawana uchungu na nchi. Haya, mwaka 1958 wafanyakazi wa mkonge waligoma pale Mazinde, wilaya hiihii ya Korogwe, wakati Nyerere na TANU wanadai uhuru. Mkata mkonge aliyetoka Songea au Urundi aliweka posho yake rehani kwenye mgomo, nchi hata haijawa yake. Uhuru ulipokuja chama chao hakikunyamaza. Kiongozi wao Victor Mkello alihamishwa kwa amri ya serikali mpya Januari 1963, akapelekwa Sumbawanga. Hayo wala hatuyasikii kwenye sherehe za Mei Mosi.

Ila jasho lao lilihesabika. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na hakuna nchi duniani iliyotushinda. Fedha za kigeni zilizojenga shule na hospitali za mwanzo wa uhuru zilitoka kwenye singa hizo kwa sehemu kubwa.

Sasa cha kushangaza ni hiki. Sheria ya uraia ya wakati wa uhuru ilimtambua moja kwa moja aliyezaliwa Tanganyika, ambaye angalau mzazi wake mmoja naye kazaliwa Tanganyika. Mtoto wa Muha au Mbena hana shida hapo. Lakini mtoto aliyezaliwa kambi ya mkonge mwaka 1955, baba Mrundi na mama Mrundi, huyo alitakiwa aombe. Nani angemwelezea hayo mkata mkonge asiyejua kusoma? Maisha yakaenda, akapiga kura, akalipa kodi ya kichwa, akastaafu. Swali limekuja kuibuka kwa wajukuu zama hizi za vitambulisho vya taifa, fomu inapouliza wazazi wako walizaliwa wapi. Na siku hizi bila kitambulisho hata laini ya simu husajili.

Upande wa pili wa shilingi uko Handeni. Miaka ya 1830 kulikuwa na njaa kubwa Uzigua. Watu wakauzwa, wengine wakarubuniwa, wakapakiwa majahazini mpaka pwani ya Somalia kuwa watumwa. Baadaye wengi wakatoroka kuelekea bonde la mto Juba, na wazee wao wanasimulia kuwa aliyewaongoza ni mwanamke, Wanankhucha. Walikaa huko zaidi ya miaka 150 na Kizigua hawakukiacha. Vita ya Somalia ilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia. Wengi waliingia Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawachukua zaidi ya 12,000. Wengine wakarudi Handeni kwa mababu, wakapewa makazi Chogo.

Fikirieni wadau. Mtu anaongea Kizigua, anajua babu yake alitoka Handeni, anafika Handeni anaitwa mkimbizi. Wakati huohuo mimi na wewe tusiojua hata kusalimia kwa Kizigua ndio wenyeji! Serikali ilifanya jambo jema, ikaanza kuwapa uraia. Lakini inaonyesha kwamba damu peke yake haitoshi kumfanya mtu mwenyeji, na karatasi nayo haitoshi. Mjukuu wa manamba ana miaka mingi ya kukaa na kaburi la babu. Wa Chogo ana damu na lugha. Nani mgeni?

Na mjini je? Bei ya mkonge ilianguka, nailoni zikaingia, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, yakachoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inacheza kwenye tani 20,000 na kitu. Vijana wa Kwashemshi wakapanda basi la Dar. Jiji lilikuwa na watu milioni 2.5 mwaka 2002, sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Sisi ndio tumelijaza, machinga na bodaboda. Mzaramo angekuwa na roho yetu ya kijiweni angetufukuza zamani. Na kufukuzwa tumeshafukuzwa: mwaka 1983 kulikuwa na sheria ya Nguvukazi, watu wasio na kazi wakakamatwa Dar warudishwe vijijini wakalime. Mtanzania akawa mgeni ndani ya Tanzania.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mwenyeji ni yule aliyekaa, akafanya kazi na akazika watu wake hapo. Anayefikia kipimo hicho apewe karatasi yake bila kuzungushwa, na shamba likigawanywa naye awemo kwenye orodha.

Na kwetu sisi tunaosomea ualimu kuna kazi. Manamba wamo kwenye historia ya sekondari, wanafunzi wanakariri "migrant labour" wajibu mtihani, na nusu ya darasa ni wajukuu wao bila kujua. Wape kazi ya nyumbani: nenda kamuulize bibi alikuja na nani, mwaka gani, kambi gani, kipande kiko wapi. Andika kwenye daftari. Wazee wanaondoka, na siku fomu itakapouliza, hilo daftari ndilo litakuwa shahidi.

Nawasilisha.