Beni, Bendi au Kikosi? Na Mwanachama Hutoa Nini?

Muhula uliopita tulipokea kazi ndogo iliyogeuka kuwa kubwa. Kundi moja la vijana wapigao ngoma na matarumbeta hapa Kampala lilituletea kanuni zake, zilizoandikwa kwa Kiingereza, ili wanafunzi wetu wa somo la tafsiri wazigeuze kwa Kiswahili. Kurasa zilikuwa nne tu, nasi tukadhani ni kazi ya alasiri moja. Kumbe tulikuwa tukwame mahali pawili: kifungu cha kwanza, kinacholitaja kundi lenyewe ni kitu gani, na kifungu cha tano, kinachozitaja fedha ambazo kila mwanachama hutoa kila mwezi.

Darasa liligawanyika. Kuhusu kundi, wapo waliotaka "kikosi cha ngoma", wapo waliotaka "bendi", na mmoja akapendekeza "beni". Kuhusu fedha, waliosomea upande wa Busia na Kenya walisema "karo", waliowahi kukaa Tanzania wakasema "ada". Hao wa Tanzania waliwacheka wenzao, kwa kuwa kwao karo ni mahali pa kuoshea vyombo. Ndipo tulipoona kwamba kamusi peke yake haitatusaidia, ikabidi tuiulize historia.

Tuanze hapa nyumbani. Katika kasri ya Kabaka wa Buganda, wapiga ngoma walitoka katika koo maalumu na kuhudumu kwa zamu. Hawakutoa fedha ili wawe wapiga ngoma. Bali wao ndio waliopewa ardhi kwa utumishi wao. Utaratibu huo ulivunjika tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali lilipoishambulia kasri ya Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia uhamishoni na ala nyingi za kifalme zikaharibiwa. Jambo la kuzingatia ni hili: panapokuwa na mfalme mwenye ngoma, hapana haja ya neno la mchango wa mwanachama. Neno hilo huhitajika pale ngoma inapokuwa mali ya wapigaji wenyewe.

Ngoma ya namna hiyo ilizuka pwani. Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa miji ya pwani ya Kenya waliiga gwaride na bendi za Wazungu, wakaunda vyama vya mashindano vilivyoitwa beni. Neno lenyewe ni utohozi wa lile neno la Kiingereza ambalo leo tumelitohoa upya kuwa "bendi". Mwanahistoria Terence Ranger alivieleza vyama hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Huko Tanganyika vyama vilivyovuma zaidi vilikuwa Marini na Arinoti, vyenye matawi mji kwa mji. Vilikuwa na sare, na viongozi wake walijipa vyeo kama Kingi na Jenerali. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachanganya askari na wapagazi wa nchi nyingi, na Kiswahili kikiwa lugha yao ya kambini, beni ikasambaa hadi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na Kongo.

Watawala wa kikoloni walizitazama sare na vyeo, wengine wakacheka, wengine wakaingiwa na hofu ya siasa. Lakini ndani ya ngoma ile palikuwa na mfuko. Wanachama walitoa fedha za kununulia ala na mavazi, na kwa fedha hizo hizo wakasaidiana katika ugonjwa na mazishi. Mgeni aliyefika mjini bila ndugu alipata ndugu katika beni. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Mashindano ya karamu yaliwatia wengi gharama kubwa. Hata hivyo, aliyekiita chama kile "ngoma" tu, kwa maana ya mchezo, aliukosa nusu ya ukweli.

Tukiwa na historia hiyo, turudi kwenye maneno yetu. "Kikosi cha ngoma" ni sahihi kisarufi, lakini kwa Kampala lina tatizo. Wazee wengi wa mji huu walikisikia Kiswahili katika miaka ya 1970 kinywani mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani. Mzazi wa namna hiyo ukimwambia mwanawe ameingia kikosini, hatauliza anapiga ngoma gani. "Bendi" nalo limekwisha kuzoeleka kwa wanamuziki wa dansi wanaolipwa na watazamaji. "Beni" linabeba ngoma, tarumbeta, gwaride na uanachama kwa pamoja, na Zanzibar bado liko hai kwa muziki wa shangwe za harusi.

Na fedha je? "Ada" lilitoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya desturi. Ni malipo yanayotolewa kwa kuwa ndivyo ilivyo kawaida, kama vile kwa mganga au kungwi. "Kilemba" ni zawadi ya mwanafunzi kwa fundi wake anapohitimu. "Kiingilio" hulipwa mara moja, mlangoni. "Karo" ni ya shule, na kila mwanafunzi wa Uganda anajua maana ya kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. "Mchango" ni kile watu wanachokusanya kwa jambo lao wenyewe.

Kanuni za Kiingereza zilisema kwamba asiyelipa miezi miwili asimamishwe. Hapo "karo" lingefaa kabisa. Lakini tulipowauliza vijana wenyewe, walitueleza kwamba hakuna aliyewahi kusimamishwa. Anayekwama hutolewa na wenzake, naye hurudisha wakipata kazi ya harusi. Kifungu kile walikinakili tu kutoka katika kanuni za chama kingine. Sisi wafasiri hatuna ruhusa ya kubadili sheria ya mtu kwa kuchagua neno laini, hivyo tuliwarudishia karatasi wakakae waamue. Waliporejea, walikuwa wamekifuta kifungu hicho na kuandika kingine: asiyeweza kutoa aseme mapema, asaidiwe. Hapo ndipo tulipoandika "mchango wa kila mwezi", na "kiingilio" kwa fedha za siku ya kujiunga. Jina likawa "beni ya vijana".

Wapo walimu wenzetu wasiokubaliana nasi. Wanasema "ada ya uanachama" ndilo neno la vyama vilivyosajiliwa, na kwamba beni ni neno la pwani lisilojulikana Kampala. Hoja ya kwanza ina nguvu, na kwa chama cha wahasibu tungeandika ada bila kusita. Kuhusu ya pili, tukumbuke kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi 1962. Mijadala ya istilahi si ugeni katika mji huu, wala maneno ya pwani si mali ya pwani pekee. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa hiyo kanuni za vyama vingi zaidi zitatufikia.

Ushauri wetu kwa wanafunzi ni mmoja. Kabla hujauliza neno hili kwa Kiswahili ni nini, uliza kwanza fedha hiyo inatoka kwa nani, inakwenda wapi, na asiyekuwa nayo anafanywa nini. Ukishapata majibu hayo matatu, fungua kamusi.