Vietnam Swans: timu ya wageni iliyorudisha mpira mahali askari walipouacha

Waaustralia wana mpira wao ambao si huu tunaoujua sisi. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwaka 1859. Kiwanja chake kina umbo la yai, na mpira wenyewe vilevile. Kila upande una wachezaji 18. Mchezaji anaupiga mpira kwa mguu au kwa ngumi, lakini haruhusiwi kuurusha. Golini kuna nguzo nne: mpira ukipigwa kwa mguu na kupita kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6, ukipita pembeni ni pointi 1.

Mpira huo ulifika Vietnam pamoja na vita. Australia ilipeleka huko watu wake wapatao 60,000 kupigana upande wa Marekani na serikali ya Kusini. Baadhi yao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa kura: tarehe yako ya kuzaliwa ikitoka, unaenda jeshini. Kuanzia mwaka 1966 kambi yao ya vifaa ilikuwa Vung Tau, mji wa pwani ya kusini. Hapo, siku za mapumziko, askari walianzisha mashindano wakayaita Vietnam Football League. Herufi VFL zilikuwa pia za ligi kubwa ya jimbo la Victoria.

Vita viliua Waaustralia zaidi ya 500. Wavietnam waliokufa ni wengi mno kuliko hao, raia kwa askari. Waaustralia walipoondoka, mpira wao nao ukaondoka.

Miaka ikapita. Mwaka 1986 serikali ya Vietnam ilianza kufungua milango ya biashara, na wageni wakaja kufanya kazi: wafanyabiashara, walimu, watu wa mashirika. Mwaka 1997 Waaustralia wa Hanoi waliunda timu. Leo inajulikana kama Vietnam Swans, yaani batamaji, jina lililo pia la timu kubwa ya Sydney.

Timu ya namna hii haina mshahara, na taabu zake ni nyingi. Viwanja vya umbo la yai havipatikani, basi wanacheza kwenye viwanja vya mpira wa miguu, mara nyingi wakiwa pungufu ya 18. Wapinzani wako nchi nyingine, kama Jakarta Bintangs wa Indonesia, kwa hiyo mechi moja inadai tiketi ya ndege. Tena mkataba wa kazi ukiisha, mchezaji mzuri anafunga mizigo na kwenda zake. Timu inaishi kwa sababu anayeondoka anamwachia mwingine kazi ya kupanga mazoezi na kupokea wageni wapya.

Jambo kubwa la timu hii lilikuja mwaka 2010. Ilipanga mechi ya kirafiki palepale Vung Tau, kwa kukumbuka siku ya ANZAC, tarehe 25 Aprili, siku Australia na New Zealand wanapowaombolezea askari wao. Mechi hiyo iliwakumbuka pia wale askari wa VFL ya zamani.

Kukumbuka vita kwenye ardhi ya yule uliyepigana naye si kazi rahisi. Karibu na hapo kuna Long Tan, ambapo mapigano ya tarehe 18 Agosti 1966 yaliua Waaustralia 18, na Wavietnam wengi zaidi. Miaka 50 ilipotimia, mwaka 2016, wazee wa vita walisafiri kwenda kuomboleza. Siku moja tu kabla, serikali ya Vietnam ilifuta sherehe. Mwishowe iliruhusu vikundi vidogo kufika. Mwenyeji naye ana makaburi yake, na hawezi kulazimishwa kushangilia ukumbusho wa mgeni.

Mechi haidai mengi hivyo. Haiulizi nani alishinda vita. Inamrudisha mzee mahali alipokuwa kijana, bila bunduki safari hii, na wenyeji wanatazama kama wanavyotazama mchezo wowote. Timu ya watu wanaopita tu ndiyo iliyoweza kufanya hivyo, kwa kuwa ilikuja kuomba kiwanja na si kutoa amri.