Bao la Kujifunza, Bao la Kushindana

Pale Makanyagio, Mpanda, dogo wangu aliacha kucheza gemu nami. Sababu ni mimi mwenyewe.

Gemu lenyewe ni Brawlhalla, la kupigana juu ya majukwaa yanayoelea. Tangu 2020 linapatikana kwenye simu. Unampiga mwenzio mpaka arushwe nje ya uwanja. Kuna vurugu la watu wanne, kila mtu kivyake, la kucheka tu. Kuna na mechi za daraja: ukishindwa, unashuka. Mimi nikamburuta dogo kwenye daraja. Alipochapwa mara kumi nikamwita mzembe. Kesho yake akaniambia, "Kaka, cheza peke yako."

Basi nikaanza kufukua historia. Kumbe ugomvi wetu ni wa zamani! Mjapani Masahiro Sakurai alibuni Super Smash Bros., gemu lililotoka 1999, ili hata mgeni wa vitufe aweze kucheza. Mwaka 2001 likafuata Melee. Washindani wakazima silaha za kubahatisha, wakachagua viwanja visivyo na vituko, wakapambana kweli kweli. Brawl ya 2008 ikaja na mambo mapya: mhusika anaweza kujikwaa akikimbia, bila kosa la mchezaji. Wengi wakanuna, wakarudi Melee. Mwaka 2013 wapenzi wa Melee walichanga zaidi ya dola 90,000 za utafiti wa saratani ya matiti, ili gemu lao liingie kwenye mashindano ya Evo huko Marekani. Gemu la miaka 12!

Sasa nani alikuwa sahihi, mbunifu au washindani? Nikakumbuka bao, ambalo hata Mwalimu Nyerere alilipenda. Ubao ni ule ule, mashimo 32, kete 64. Katika bao la kujifunza kila shimo linapata kete mbili, mnaanza. Katika bao la kiswahili kila mmoja anabaki na kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja kwa kunamua, huku akichunga nyumba yake. Zikiisha, mnaingia mtaji. Hapo ndipo mafundi wanapotambuana. Lakini jina lenyewe, "la kujifunza", linampa mwanafunzi heshima yake. Wazee hawakuuliza lipi ni bao halisi. Waliangalia aliyekaa mbele yao ni nani.

Mimi sikumwangalia dogo. Niliangalia daraja langu.

Juzi nikamwuliza, "Leo lipi?" Akasema, "La kucheka." Nikarushwa nje mara tatu, yeye anacheka mpaka machozi. Kwenye daraja hajarudi bado. Nami simsukumi.

Vijana wenzangu mnaopenda ushindi kama mimi: kabla hujaanza mechi, muulize mwenzio amekuja kucheza lipi.