Silabi Zilizonyamaza: Kitenzi cha Kifaransa Masikioni mwa Msomaji wa Zuzu

Mtu wa Zuzu, karibu na mji wa Dodoma, aliyelelewa kwa Kigogo na kusomeshwa kwa Kiswahili, akikutana mara ya kwanza na kitenzi cha Kifaransa chantent, yaani "wanaimba", ataelekea kukisoma chan-te-nti. Mwalimu humsahihisha kuwa neno hilo ni silabi moja tu, shant, na irabu yake hupitia puani. Masahihisho hayo ni ya kweli, lakini pasipo historia mwanafunzi hubaki akidhani kuwa Wafaransa huandika ovyo.

Asili ya neno ni Kilatini cantant, lenye silabi mbili. Katika Kifaransa cha kale silabi ya pili ilikuwa bado ikisikika, ingawa irabu yake ilikuwa imekwisha kufifia. Baadaye konsonanti za mwisho zikanyamaza, na irabu ile nayo ikatoweka katika mazungumzo ya kawaida (watu wa kusini ya Ufaransa wangali wakiitamka mara nyingi). Maandishi hayakufuata. Kwa hiyo chante, chantes na chantent huandikwa namna tatu, hutamkwa namna moja. Ushairi wa kanuni za kale ulikataa kusahau: mbele ya konsonanti, chantent huhesabiwa silabi mbili. Na katika swali chantent-ils, ile t husikika tena, ikaanzisha silabi ya til.

Hapa Kigogo chatufaa kuliko kamusi. Mgogo husema mu-nhu. Mswahili husema m-tu. Kiswahili nacho kimepoteza irabu, lakini m imebaki ikishika silabi peke yake, hata ikabeba mkazo wa neno. Kifaransa kilipopoteza irabu yake kilipoteza na silabi.

Hasara hiyo ilikuwa na gharama. Katika wa-na-i-mba, alama ya watendaji imo mwanzoni, mahali pa salama. Kifaransa kilirithi alama ya mwishoni, ndipo palipomomonyoka. Mlatini aliweza kusema cantant bila kiwakilishi. Mfaransa hawezi kuacha ils, na hata hivyo sikio halitenganishi il chante na ils chantent. Katika maumbo ya namna hii wingi hudhihirika mbele ya irabu tu: ils aiment hukatwa il-zem, na z hiyo ndiyo s ya ils. Kwa maoni yangu mwalimu wa Kifaransa nchini mwetu angeanza na mfano huo, kabla ya kufundisha herufi zisizotamkwa.